Ngiri Mbili, Tatu kwa Mgonjwa Mmoja: Mwongozo Kamili wa Kuzitafuta na Kuzifunga

Mwongozo huu ni wa madaktari na madaktari wasaidizi wanaopasua ngiri (utumbo au mafuta ya tumboni kusukumwa nje kupitia mahali dhaifu pa ukuta wa tumbo) katika hospitali za wilaya za kanda ya kati: Kongwa, Mpwapwa, Bahi, Chemba, Kondoa, Manyoni. Nimeuandika kwa sababu kila mwaka baada ya mavuno, watu wanapopata nafasi na vijisenti, karatasi ya rufaa inanifikia na maneno yaleyale: "Ngiri imerudi, ilipasuliwa mwaka jana." Nikifungua, mara nyingi nakuta hakuna kilichorudi. Kazi ya kwanza imeshika vizuri. Kilichotokeza ni ngiri nyingine, iliyokuwepo tangu siku ile na hakuna aliyeitafuta.

Nami nimewahi kuiacha. Kuli mmoja wa soko la mahindi la Kibaigwa alinijia na uvimbe ulioshuka mpaka kwenye mfuko wa korodani. Nilifunga vizuri, nikajisifu kimoyomoyo. Miezi minne baadaye alirudi na kauvimbe kama yai la kanga chini ya kovu langu, juu ya paja. Ilikuwa ngiri ya paja. Kwa bahati utumbo haukuwa umenaswa. Tangu hapo sifungi kinena kabla kidole changu hakijapita milango yote mitatu.

Milango mitatu

Kila upande wa kinena una sehemu tatu dhaifu, nazo zimepakana kiasi kwamba kiganja kimoja kinazifunika.

Mlango wa kwanza ni tundu la ndani, upande wa nyonga wa mishipa ya epigastriki ya chini (mishipa ya damu inayopanda nyuma ya ukuta wa tumbo). Ngiri inayopita hapo hufuata kamba ya korodani na ndiyo inayoshuka hadi kwenye mfuko. Wa pili ni ukuta wa nyuma wa mfereji wa kinena (njia ya kamba ya korodani; ngiri za milango hii miwili ya kwanza ndizo ngiri za mfereji), upande wa katikati wa mishipa hiyohiyo. Ngiri yake husukuma mbele moja kwa moja, na ni ya watu wazima wenye kubeba, kukohoa au kukamua mkojo. Wa tatu uko chini ya ligamenti ya kinena (ukanda mgumu kutoka mfupa wa nyonga hadi mfupa wa kinena), kando ya vena ya femora, mshipa mkubwa wa damu wa paja, upande wa katikati: ngiri ya paja.

Mfumo wa Ulaya wa kuainisha ngiri huipa milango hii, kwa mfuatano huo, herufi L, M na F, kisha ukubwa kwa vidole: 1 ni kidole kimoja, 2 ni viwili, 3 ni vitatu au zaidi. Uzoee. Ukiandika "L2 M1 F0 kulia", anayekufuata anajua kwamba F uliitafuta na hukuiona, jambo ambalo "ngiri ya kulia" haliwezi kumwambia.

Ngiri ya kwanza na ya pili zikitoka pamoja upande mmoja, mishipa ya epigastriki hukaa katikati yake kama mtu aliyepanda baiskeli, mguu huku na mguu kule. Pacha hizi ni rahisi kuiacha moja.

Vitu vya kuandaa

Kwa uchunguzi:
- kigoda cha kukalia wewe, mgonjwa akiwa amesimama
- tochi yenye mwanga mkali
- kalamu ya kuandikia kwenye ngozi

Kwa upasuaji:
- meshi (wavu wa kuimarishia ukuta) ya polipropilini ya sentimita 7.5 kwa 15 kwa kila upande (kipande cha 15 kwa 15 ukikikata katikati kinatosha pande mbili)
- uzi wa polipropilini 2-0, paketi mbili kwa kila upande
- uzi unaoyeyuka 2-0 na 3-0
- ukanda laini wa kunyanyulia kamba ya korodani. Katheta nyembamba inafaa
- ritrakta mbili ndogo, na moja inayojishikilia yenyewe
- lidokaini, adrenalini, bupivakaini nzito ya sindano ya mgongo
- antibayotiki ya kinga, ndani ya saa moja kabla ya kisu
- katheta ya mkojo, iwe karibu

Nimeshaulizwa mara nyingi kuhusu chandarua. Ni kweli kwamba utafiti wa Uganda uliochapishwa mwaka 2016, wa wanaume 302, ulilinganisha wavu wa chandarua na meshi ya kiwandani, na baada ya mwaka mmoja ngiri ilirudi kwa mtu mmoja tu kwenye kundi la chandarua. Lakini ule ulikuwa wavu uliochaguliwa, usio na dawa ya mbu, ukasafishwa kwa utaratibu wake. Chandarua cha kununua dukani, soko la Majengo, si hicho. Usijaribu.

## Hatua ya 1: Uliza kabla hujagusa

Neno "ngiri" lina mitego. Mzee atakuambia ana ngiri akimaanisha busha, mwingine akimaanisha maumivu ya mgongo, na kijana akimaanisha nguvu zimepungua. Dawa za ngiri zinazouzwa kwenye stendi za mabasi zimeyachanganya zaidi. Kwa hiyo muulize: uvimbe unatoka ukisimama na kurudi ukilala? Uko upande mmoja au pande zote? Uliwahi kupasuliwa, wapi, kwa meshi au bila?

Halafu uliza kuhusu kikohozi cha muda mrefu, choo kigumu, na mkojo wa kukatikakatika. Mwenye tezi dume iliyoziba, shughulikia mkojo kwanza. Ukifunga kinena cha mtu anayejikamua kila usiku, unashona leo na yeye anafumua kesho. Na mwenye kikohozi cha wiki mbili au zaidi apimwe kifua kikuu kabla ya kupangiwa tarehe.

Onyo: uvimbe mgumu, unaouma, usiorudi, na mgonjwa anatapika, hiyo ni dharura. Mpeleke chumba cha upasuaji au umpe rufaa saa ileile. Ngiri ya paja ndiyo ya kuogopa zaidi: takwimu za London za mwaka 1991 zilionyesha uwezekano wa kunaswa wa asilimia 22 ndani ya miezi mitatu tu, wakati ngiri za mfereji zilikuwa chini ya asilimia 3.

## Hatua ya 2: Msimamishe

Kosa kubwa kuliko yote linafanyika hapa, kwenye kitanda cha uchunguzi. Mgonjwa amelala, suruali imeshushwa kidogo, daktari anabonyeza mara moja upande aliolalamikia, anaandika. Ngiri ndogo imesharudi tumboni tangu alipolala! Utaionaje?

Msalimie kwanza. Mzee wa Kigogo ukimwambia "mbukwenyi" na kuitikia kwake, atavua kwa amani. Kisha asimame, nguo zishuke mpaka magotini, wewe ukae kwenye kigoda macho yako yawe usawa wa kinena. Tazama pande zote mbili kabla ya kugusa. Mwambie akohoe na uendelee kutazama.

Sasa vidole vitatu. Kwa upande wa kulia tumia mkono wa kulia, ukikaa au kusimama ubavuni kwake upande huohuo. Kidole cha shahada kikae juu ya tundu la ndani, yaani juu kidogo ya nusu ya njia kati ya ncha ya mbele ya mfupa wa nyonga na kinundu cha mfupa wa kinena. Cha kati kikae kwenye tundu la nje, juu ya kinundu. Cha pete kikae chini ya ligamenti, juu ya paja, upande wa katikati wa pale mpigo wa ateri unaposikika. Mwambie akohoe tena. Kidole kilichogongwa ndicho mlango. Vikigongwa viwili, umeshapata ngiri mbili. Rudia upande wa pili kwa mkono wa kushoto, hata kama mgonjwa anaapa kwamba huko hakuna kitu.

Kisha alale. Rudisha uvimbe polepole, ziba tundu la ndani kwa kidole kimoja, asimame huku bado umeziba, akohoe. Uvimbe ukitokeza upande wa katikati wakati kidole chako kimeziba vizuri, mlango wa pili nao uko wazi. Jaribio hili hudanganya mara kwa mara, hivyo lisikupe uhakika, likupe shaka tu. Shaka inatosha kukufanya utafute ukishafungua.

Uvimbe wa kwenye mfuko, jaribu kushika juu yake. Vidole vikikutana juu na tochi ikipenya, ni busha. Lakini busha na ngiri hukaa pamoja, kwa hiyo busha lisikuzuie kuendelea.

Wanawake. Hapa nasisitiza. Rejista ya ngiri ya Sweden ilipochambuliwa mwaka 2005, kati ya wanawake waliorudishwa kupasuliwa baada ya kuambiwa wana ngiri ya mfereji, asilimia 41.6 walikutwa na ngiri ya paja. Kwa wanaume ilikuwa asilimia 4.6. Kwa hiyo mama mwenye uvimbe wa kinena ana ngiri ya paja mpaka uhakikishe kwamba hana. Kauvimbe kadogo kwenye mafuta ya paja husingiziwa tezi, anapewa dawa, anaondoka nako.

Ukiomba altrasaundi, andika kwenye fomu: "mgonjwa asimame na kukohoa, pande zote mbili, milango yote mitatu." Bila maneno hayo utarudishiwa picha ya mtu aliyelala kimya.

Umefaulu ikiwa unaweza kuandika herufi tatu na namba kwa kila upande. Zichore kwenye ngozi ya mgonjwa akiwa bado amesimama.

## Hatua ya 3: Panga: siku moja au mbili?

Mtu mwenye afya na ngiri pande zote zinazorudi anaweza kufungwa pande zote siku moja. Kwa mkulima anayetoka mbali, hiyo ni nauli moja na mapumziko mamoja. Mzee mwenye moyo au kifua kibovu, au ngiri kubwa za mfuko pande zote, afanyiwe mara mbili, akianza upande unaomsumbua zaidi.

Ganzi ndiyo inayoamua mara nyingi. Piga hesabu kwa karatasi. Lidokaini yenye adrenalini isizidi miligramu 7 kwa kilo, isiyo na adrenalini isizidi 3. Mtu wa kilo 60 anapata miligramu 420, yaani mililita 84 za asilimia 0.5. Upande mmoja hutumia mililita 40 au zaidi, hivyo pande mbili zinaingia kwa kubana. Mtu wa kilo 45, na tunao wengi, anapata mililita 63 tu. Huyo pande zote mbili kwa ganzi ya eneo haziwezekani. Mpe sindano ya mgongo.

Kwa upande mmoja, ganzi ya eneo ina faida ninayoipenda: mgonjwa anaweza kukohoa mezani ukamwona.

Fomu ya ridhaa iseme pande zote mbili, na iseme kwamba ngiri nyingine ikikutwa itafungwa. Usiombe ruhusa hiyo mtu akiwa ameshachanjwa.

Aliyewahi kuwekewa meshi kwa mbele na ngiri imerudi kweli, mpe rufaa kwa mabingwa, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa au Benjamin Mkapa. Huyo anahitaji njia ya nyuma ya ukuta, na kovu lako la pili mahali palepale linaweza kumharibia neva na korodani.

## Hatua ya 4: Fungua na tambua

Mchanjo wa sentimita 6 kuanzia karibu na kinundu kwenda upande wa nyonga. Fungua aponeurosi ya obliki ya nje (utando mgumu unaofunika mfereji kwa mbele) kwa kufuata nyuzi zake mpaka tundu la nje. Chini yake utaona neva ya ilioinguino. Itambue na uilinde, pamoja na iliohaipogastriki na tawi la jenito. Neva iliyoshonwa ndani ya meshi itamfanya mgonjwa akuchukie miaka yote.

Zungushia kamba ya korodani ukanda ukianzia juu ya kinundu, pale ambapo ni rahisi kuitenga na mfupa. Pasua msuli wa kremasta, unaoizunguka kamba, kwa urefu. Kifuko cha mlango wa kwanza kiko mbele ya kamba, upande wa katikati, cheupe kama ngozi ya ndani ya yai. Kitenge mpaka shingoni, uone mafuta ya nje ya peritoneo, utando wa ndani wa tumbo. Bila kuyaona mafuta hayo hujafika.

Kifuko kirefu kilichoshuka mpaka chini ya mfuko, usikichimbe chote. Kikate katikati ya mfereji, funga sehemu ya juu, ya chini iache mdomo wazi. Kuking'oa chote ndiko kunakoleta damu kujaa na korodani kusinyaa.

Onyo: ukuta mmoja wa kifuko ukiwa mnene na haushuki kwenye shingo, shuku ngiri ya kuteleza. Kulia huwa ni sikamu, kushoto sigmoidi (sehemu za utumbo mpana), na upande wa katikati kibofu. Usikate wala usifunge kwa uzi. Rudisha vyote ndani kama vilivyo. Kwa mlango wa pili sheria ni ileile: kifuko kipana hakifunguliwi, kinasukumwa ndani na kushikiwa kwa uzi unaoyeyuka, kwa sababu kibofu kiko palepale.

## Hatua ya 5: Pitisha kidole milango yote

Umepata kifuko, moyo unataka kushona. Simama kwanza.

Mlango wa kwanza: hata kama ngiri uliyoiona ni ya pili, fungua kremasta utazame. Kuna kifuko kidogo? Kuna donge la mafuta limetoka na kamba? Liondoe au lirudishe, maana litabonyea kama ngiri na mgonjwa atasema hukufanya kitu.

Mlango wa pili: ukiwa umefungua kifuko cha kwanza, ingiza kidole kupitia shingo yake, kigeuze kuelekea katikati nyuma ya mishipa ya epigastriki, usukume mbele. Ukuta mzima unakuzuia kama ngozi ya ngoma. Ukuta mbovu unakiacha kidole kitokeze. Mwenye ganzi ya eneo mwambie akohoe.

Ukizikuta zote mbili, vuta kifuko cha pili kipite chini ya mishipa kuelekea nyonga kiungane na cha kwanza, vifungwe kama kimoja. Visipokubali, shughulikia kila kimoja peke yake. Mishipa yenyewe ukilazimika unaweza kuifunga na kuikata bila madhara.

Mlango wa tatu: kidole kilekile kielekeze chini, nyuma ya ligamenti ya kinena, mpaka uguse ligamenti ya Cooper kwenye mfupa. Kama hukufungua kifuko, toboa tundu dogo kwenye fashia ya transvesali (utando wa ukuta wa nyuma wa mfereji) karibu na kinundu upite hapo. Ncha ya kidole ikizama kuelekea paja, au mafuta yanavutwa kutoka huko, ngiri ya paja ipo. Upande wa nyonga wa kidole chako ni vena ya femora, kwa hiyo usikwaruze.

Kazi yote hii ni dakika tatu. Umefaulu ikiwa unamtamkia sista anayeandika: "Wa kwanza, wa pili, wa tatu," na hali ya kila mmoja.

## Hatua ya 6: Funga

Kwa mlango wa kwanza na wa pili, meshi ya Lichtenstein, yaani meshi inayoshonwa kwa mbele juu ya ukuta wa nyuma wa mfereji, inatosha. Iweke ivuke kinundu kwa sentimita 1.5 hadi 2 upande wa katikati. Zinazorudi kweli nyingi hutokea hapo, kwa meshi iliyoishia ukingoni. Uzi wa kwanza ushike tishu juu ya mfupa, usishike mfupa wenyewe. Endelea na uzi huohuo kwenye ukingo wa ligamenti ya kinena mpaka upite tundu la ndani. Juu, shona mara mbili au tatu kwa uzi unaoyeyuka ukikwepa neva.

Mkia wa meshi, upande wa nyonga, upasue, theluthi mbili juu na theluthi moja chini, uzungushe kamba, upishanishe na kuushona kwenye ligamenti. Tundu jipya lipokee ncha ya koleo, lisibane zaidi. Meshi yenyewe isikazwe. Ikae kama turubai lililolegea kidogo, kwa kuwa akisimama tumbo litaijaza, na yenyewe husinyaa.

Meshi hii haifunikii mlango wa tatu. Ligamenti ya kinena ndiyo mpaka wake wa chini, na ngiri ya paja hupita chini ya mpaka huo. Hapo ndipo nilipokosea kwa kuli wangu.

Ukiwa na ngiri ya paja pamoja na ya mfereji, fungua fashia ya transvesali, ivute ngiri kutoka juu huku msaidizi akisukuma kutoka pajani. Ikigoma, panua tundu kwa kukata ligamenti ya lakuna upande wa katikati, ukitazama kwa macho, kwani wengine wana ateri ya obturato iliyopita juu yake. Kisha kata meshi yenye ulimi wa pembetatu upande wa chini. Ulimi ushone kwenye ligamenti ya Cooper, na mwili wa meshi kwenye ligamenti ya kinena kama kawaida. Mshono wa mwisho uache nafasi ya ncha ya kidole kidogo kabla ya vena. Ukiibana, mguu utavimba.

Bila meshi, au utumbo ukiwa umeoza na pana usaha, njia ya McVay inaunganisha misuli na ligamenti ya Cooper na kufunga milango yote mitatu. Lazima uchanje ala ya msuli wa rekta kuipunguzia mvuto. Wanaoruka hatua hiyo ndio wanaosema McVay haifai.

Kwa mwanamke, ligamenti ya mviringo unaweza kuikata na kuziba tundu la ndani kabisa. Mlango wa tatu ufunike kila unapoonyesha udhaifu wowote.

## Hatua ya 7: Upande wa pili

Badilisha glovu, tumia meshi nyingine, anza upya kutoka Hatua ya 4. Uchovu ndio adui hapa. Wengi wanapitisha kidole upande wa kwanza kwa makini, upande wa pili wanashona tu. Kama damu imekuwa nyingi au muda wa ganzi unaisha, acha. Panga siku nyingine.

## Hatua ya 8: Wodini na nyumbani

Atembee siku hiyohiyo. Parasetamoli na ibuprofeni zinatosha wengi. Baada ya sindano ya mgongo hakikisha amekojoa kabla ya kuruhusiwa, hasa wazee. Uvimbe laini wa maji kwenye kinena wiki ya kwanza usiutoboe. Unakauka wenyewe, na sindano inaweza kupeleka vijidudu kwenye meshi.

Kazi nyepesi ni baada ya siku chache. Gunia la lumbesa ninamkataza kuli kwa wiki sita. Vitabu vina muda mfupi zaidi, lakini walioviandika hawakumfikiria mtu anayepakia lori zima peke yake.

Arudi siku ya saba, wiki ya sita, na mwaka ukitimia. Kila mara asimame, vidole vitatu, pande zote mbili. Na maelezo ya upasuaji apewe nakala mkononi, yaandikwe hivi: "Kulia L2 M1 F0, kushoto L0 M2 F1; meshi pande zote mbili, kushoto imeshonwa pia kwenye ligamenti ya Cooper; neva zote zimeonekana." Akienda hospitali nyingine baada ya miaka mitano, daktari wa huko atajua pa kuanzia.